Shamba Lako na Bwawa Lililo Chini Yake

Ndugu mkulima, kuna swali moja ambalo tunataka uwaulize wazee wa nyumba yako wangali hai: ni nani aliyekata mti wa kwanza katika shamba lenu, na mwaka gani? Mashamba ya milimani, kama yale ya Mbooni, yamelimwa tangu zamani sana, hata hakuna awezaye kuhesabu. Lakini kama shamba lako liko katika nchi ya chini ya Makueni, iliyogawiwa watu kwa skimu, jawabu la swali hilo huenda lisizidi umri wa babu yako. Mti ule ulikatwa na mtu ambaye jina lake linajulikana nyumbani kwenu.

Hatuulizi kwa kupenda hadithi. Shamba la Ukambani si kitu kilichokuwapo tu, kama kilima au jiwe. Lilitengenezwa kwa mikono, na lile lililotengenezwa kwa mikono laweza kuondoka kwa maji ya mvua moja. Kila mwaka udongo wa mashamba fulani unaondoka, nasi tunajua unakokwenda. Unakwenda bwawani.

NCHI YA MBUNG'O NA VIFARU

Wakamba wa zamani walikuwa na majina matatu ya ardhi, na wazee wengi bado wanayatumia. Weu ni mbuga ya watu wote, mahali pa kulisha, kuwinda na kurina asali. Mtu akitenga sehemu ya weu kwa kulisha mifugo yake mwenyewe, sehemu hiyo ikawa kisesi chake. Na mahali alipolima yeye au baba yake pakawa ng'undu, yaani mali ya nyumba, ya kurithiwa na watoto. Hivyo ardhi ilikuwa ikipanda daraja, kutoka weu mpaka ng'undu, kwa jasho la mtu.

Sasa nchi ya Makueni ilikaa katika hali ya weu muda mrefu, na sababu yake ni mbung'o. Nzi huyu hupenda kivuli cha vichaka, naye huwatia ng'ombe ugonjwa wa nagana, wakakonda na kufa. Watu wa milimani walishuka na mifugo yao wakati wa ukame, wakaweka kambi za ng'ombe, zile ziitwazo syengo, kisha wakarudi juu. Tena Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuandika sehemu kubwa ya nchi ile kuwa ardhi ya Mfalme, kwa hiyo hata kulisha kulihitaji ruhusa.

Huko milimani watu na mifugo walizidi kusongamana. Mwaka 1937 mtaalamu wa Serikali wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika habari za Machakos (na Makueni yote ilikuwa ndani ya wilaya hiyo mpaka mwaka 1992) akasema kwamba nchi imeharibika vibaya, udongo umechukuliwa na majani yamekwisha. Serikali ikaona dawa ni kupunguza ng'ombe, ikawachukua kwa nguvu na kuwauza. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, mpaka Nairobi kudai mifugo yao. Wakakaa huko majuma kadhaa bila kurudi nyuma. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini uuzaji ule wa nguvu ukakomeshwa kabla ya mwaka kwisha.

Kumbuka jambo hilo, maana ndilo linaloeleza yaliyofuata. Serikali ilipokuja miaka michache baadaye na kusema, «Tutafyeka Makueni, kisha mtapewa mashamba,» watu wengi hawakuamini. Walisema kwamba nchi ikisha kusafishwa itapewa Wazungu. Nasi twaona walikuwa na haki ya kuwa na shaka, kwa yale waliyoyapata mwaka 1938.

Kazi ya kufyeka ilikuwa kubwa. Vichaka vilijaa vifaru, na wafanyakazi hawakuweza kuingia. Kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji wa Serikali, J. A. Hunter, aliua karibu vifaru elfu moja katika eneo la Makueni. Leo tukisikia habari hiyo twasikitika, kwa kuwa Kenya nzima sasa inahesabu vifaru wake mmoja mmoja na kuwawekea walinzi. Hivyo ndivyo njia ya shamba lako ilivyofunguliwa. Baada ya hapo vichaka vilikatwa ili mbung'o akose kivuli, na ile Bodi ya Serikali iliyojulikana baadaye kwa jina la ALDEV ikaanza kuwaweka watu.

Waliokubali kwenda walipewa ardhi kwa masharti. Walime kwa matuta, waweke mifugo kwa hesabu, watunze malisho, wasikilize Bwana Shamba. Wale waliotangulia walichekwa na ndugu zao waliobaki milimani. Halafu mavuno ya kwanza yalipoonekana, na Wazungu hawakutokea kuchukua nchi, watu wakaanza kuomba nafasi wenyewe. Baadaye nchi nyingine za chini zikajaa vivyo hivyo, kwa skimu au kwa watu kujiendea tu: Kathonzweni, Kiboko, Ngai Ndethya, Masongaleni. Kila mahali habari ni ile ile: kwanza kichaka, halafu shoka, halafu jembe, na mama wa nyumba akitafuta maji mbali.

MATUTA YALIYOCHUKIWA, MATUTA YALIYOPENDWA

Miaka ya ukoloni matuta yalichimbwa kwa kazi ya lazima. Mtu akilazimishwa kufanya jambo jema, hulichukia lile jambo pamoja na yule aliyemlazimisha, na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika sehemu nyingi. Uhuru ulipokaribia na ulipofika, matuta mengi yaliachwa. Zaidi ya hayo, baada ya njaa ya mwaka 1961, ile wazee waiitayo Yua ya Atta kwa ajili ya unga wa msaada, zilifuata mvua kubwa mno mwisho wa mwaka huo huo. Zikabomoa mengi yaliyokuwa yamedhoofika.

Lakini angalia lililotokea kisha. Katika miaka ya 1970 watu wale wale walirudi kuchimba matuta, safari hii bila kusukumwa. Walichimba kwa mwethya, yaani kwa vikundi vya kusaidiana, leo shamba la huyu na kesho la yule, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa akina mama. Serikali ya Sweden ilisaidia kwa vyombo na mafunzo kuanzia mwaka 1974, lakini mgongo ulioinama ulikuwa wa mkulima. Kwa nini walirudi? Kwa sababu walikwisha kuona kwa macho kwamba katika mwaka wa mvua chache shamba lenye matuta huvuna kitu, na lisilo na matuta huvuna mabua.

Mwaka 1991 watafiti walikwenda kusimama mahali pale pale palipopigwa picha mwaka 1937, wakapiga picha nyingine. Watu wa Machakos ya zamani walikuwa wameongezeka karibu mara sita tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Ungedhani nchi imekwisha kabisa. Kumbe vilima vilivyokuwa vyekundu na vitupu vilikuwa na matuta, miti na nyua. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1994, na kitabu hicho kinasomwa duniani kote kama ushuhuda wa kazi ya wakulima wa Ukambani.

Hiyo ni sifa ya kweli, wala hatutaki kuipunguza. Ila sifa haizuii maji. Tuta la mwaka 1975 ambalo halijatengenezwa tangu siku ile, leo limejaa mpaka juu, na maji yanapita juu yake kama mtu anayevuka kizingiti.

ZIWA LETU NI LILE TULILOLICHIMBA

Ukitazama ramani ya Makueni na Kitui hutaona ziwa la asili kama Naivasha au Victoria. Maziwa yetu ni mabwawa, au silanga kama wengi wanavyosema. Yako madogo yaliyochimbwa kwa jembe, karai na ng'ombe, na yako makubwa ya Serikali. Bwawa la Masinga katika mto Tana lilikwisha mwaka 1981, na lile la Kiambere, linalopakana na Kitui, mwaka 1988. Na pale mto Thwake unapokutana na mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, ujenzi wa bwawa kubwa la Thwake ulianza mwaka 2018. Hilo limepangwa kuwa na ukuta wa urefu wa meta 80 hivi. Kwa hiyo mkulima wa Kaiti, au wa mabonde yote yanayoelekea Thwake, anaishi juu ya ziwa hata kama halioni.

Bwawa lina adui wawili. Wa kwanza ni jua. Katika nchi yetu ya chini, jua na upepo huweza kuchukua kiasi cha meta 2 za maji kwa mwaka kutoka juu ya bwawa lililo wazi. Basi ukichimba bwawa la kina cha meta 2, hata kama hakuna ng'ombe anayekunywa wala tone linalovuja chini, jua peke yake laweza kulikausha kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana tunakushauri uchimbe bwawa lenye kina, hata kama ni dogo, kuliko bwawa pana lenye kina kifupi. Panda miti upande unaotoka upepo, lakini si juu ya ukuta wenyewe, kwa sababu mizizi hutoboa ukuta.

Adui wa pili ni udongo, naye ni mbaya zaidi, maana jua halilijazi bwawa. Tufanye hesabu. Ekari moja ina meta 4,047 za mraba. Mvua ikikwangua udongo wa unene wa milimita moja tu, unene ambao hutauona kwa macho, ekari hiyo imepoteza meta 4 za ujazo, yaani tani 5 hivi. Hizo ni gari tano za pikapu ya tani moja. Tuseme juu ya bwawa lenu kuna ekari 100 za mashamba yasiyo na matuta. Milimita moja kutoka ekari hizo ni meta 400 za ujazo. Bwawa la urefu wa meta 50, upana wa meta 50 na kina cha meta 2 hubeba meta 5,000 za ujazo. Kama udongo huo wote ungefika bwawani, miaka kumi na mitatu ingelijaza kabisa. Kweli, si wote unaofika, mwingine hukaa njiani. Lakini pia si kila mwaka unaokwangua milimita moja tu. Iko mvua ya jioni moja inayofanya hivyo.

Na udongo huo si udongo wowote. Ni ule wa juu, wenye samadi yako. Umechota samadi zizini, umeibeba kwa mkokoteni, umeitandaza. Kisha mvua ya kwanza inaichukua na kuipeleka bwawani kuwalisha vyura.

Watu wa Kitui watasema, «Sisi tuna mabwawa ya mchanga, jua haliyapati.» Ni kweli, na ni ufundi mzuri sana. Mabwawa ya namna hiyo yalijengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wananchi wamejenga mamia yake huko Kitui. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga. Ukitaka kujua ni maji kiasi gani, chukua debe, lijaze mchanga mkavu wa mtoni ulio mkubwa mkubwa, kisha mimina maji polepole mpaka yaonekane juu. Utashangaa kuona debe lililojaa linapokea lita 6 au 7. Maji yaliyo chini ya futi mbili au tatu za mchanga hayapatwi na jua, mbu hawazai humo, na ng'ombe hawayatii kinyesi.

Sasa rudia jaribio hilo kwa udongo laini wa shambani. Maji yataingia kwa shida, na yakishaingia hayatoki upesi. Bwawa la mchanga lililojazwa udongo wa mashamba ni ukuta tu wenye matope nyuma yake. Kwa hiyo hata bwawa la mchanga hutegemea matuta ya wale walioko juu. Tena usiuze mchanga wake kwa malori. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya mito mingi kuachwa mwamba mtupu, na visima vya kando yake kukauka.

SHAMBA LINAPOGAWIWA

Hapa tunafika mahali pagumu. Bwana Shamba anaweza kukufundisha tuta kwa siku moja, lakini jambo hili linahusu nyumba yako, na watu hawapendi kulitaja mpaka mzee amekwisha kuzikwa.

Tuchukue shamba la mfano. Lina upana wa meta 200 kando ya barabara iliyoko juu, nalo linateremka meta 400 mpaka bwawani. Hizo ni karibu ekari 20. Mzee alilipata likiwa kichaka. Alichimba matuta kumi na mawili kukata mteremko, kila moja likienda meta 200 kutoka mpaka mpaka. Yeye na mke wake waliyatunza, na njaa ya mwaka 1984, ile Nikw'a Ngwete, wakati watu walikuwa na fedha mkononi na hakuna chakula cha kununua, walipita kwa mbaazi na mtama.

Mzee ana watoto wanne. Kila mmoja anataka barabara, na kila mmoja anataka maji. Basi shamba linakatwa kwa mapande manne marefu, kila moja upana wa meta 50, kutoka barabarani mpaka bwawani. Kwa upande wa haki ni mgawanyo mzuri, nasi hatusemi kwamba ni upumbavu. Lakini tazama lililotokea. Kila tuta la meta 200 sasa ni vipande vinne, na kila kipande kina mwenyewe. Wa kwanza ni mwalimu mjini, hana wa kutengeneza. Wa pili anatengeneza kila mwaka. Wa tatu ameng'oa matuta mawili ili apate nafasi ya mahindi. Wa nne ni mjane. Maji hayajui mipaka. Yanavunja kwa yule mwalimu, yanaingia kwa yule anayetengeneza kutoka ubavuni, na bidii yake inakuwa kazi bure.

Zaidi ya hayo, sasa kuna mipaka mitatu mipya inayoteremka moja kwa moja, na kando ya kila mpaka kuna njia ya miguu na ya ng'ombe wanaokwenda kunywa. Njia inayoteremka moja kwa moja ni mfereji ambao mtu ameuchimba bila kujua. Mwaka wa kwanza ni njia. Mwaka wa tano ni korongo la kufika magotini. Na makorongo yote matatu yanaishia bwawani. Watoto wa watoto hawa wakigawana tena vivyo hivyo, wanne kwa kila nyumba, kila mmoja atakuwa na pande la meta 12 na nusu kwa meta 400. Hapo hata kugeuza plau ya ng'ombe ni taabu.

Tufanyeje? Tumeona familia zinazofaulu, na njia zao hazifanani, lakini mambo kadhaa hurudi mara kwa mara. Wanapatana mapema, mzee angali hai na mama akiwepo, kwamba matuta ni mali ya wote hata kama mapande ni ya mmoja mmoja. Siku ya kutengeneza tuta ni siku moja kwa wote, kama mwethya. Asiyeweza kuja, kwa mfano yule mwalimu, analeta fedha za kumlipa kibarua au chakula cha siku hiyo. Wanaacha njia moja tu ya kwenda bwawani badala ya nne, nayo inakwenda kwa kupinda pinda, ikiwa imeoteshwa nyasi pembeni. Na ile sehemu ya chini inayogusa maji hawaigawi kabisa. Wanaiacha nyasi, hatua thelathini kutoka ukingoni, ikatwe kwa zamu kwa ajili ya ng'ombe. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikwisha kukataza kulima karibu na mto, na vilevile kulima mteremko uliozidi asilimia 35. Waliotunga kanuni hizo walikuwa wameona mabwawa yakifa.

Wengine hukata kwa njia nyingine: makao yote yanawekwa juu, karibu na barabara, kila mtoto na kiwanja chake kidogo, na mashamba hugawanywa kwa kufuata matuta, mmoja matuta haya na mwingine yale. Njia hii huhifadhi udongo vizuri zaidi. Ila huleta maneno, maana udongo wa chini ni mzuri kuliko wa juu, na aliyepata chini yuko karibu na maji. Kama ndugu zako wanapatana, ijaribu. Kama hawapatani, usiilazimishe.

Na usisahau sheria. Kugawa shamba la kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967. Kama shamba lako ni la skimu na bado unadaiwa, hati haitatoka mpaka deni limalizike, basi uliza deni ni kiasi gani wakati ungali na nguvu za kulilipa. Juu ya urithi, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1981 haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, na Katiba ya mwaka 2010 imetia nguvu jambo hilo. Ziko nyumba ambazo binti aliyeolewa au aliyerudi ndiye anayejua kila tuta, kwa kuwa ndiye aliyechimba na mama yake. Kumwacha nje ya kikao ni kumwacha nje mtu mwenye ramani.

KABLA YA MVUA ZA VULI

Katika Ukambani mvua za Oktoba mpaka Desemba ndizo za kutumainiwa zaidi, kwa hiyo kazi ya udongo ifanywe Agosti na Septemba, wakati shamba ni tupu. Tuta la fanya juu huchimbwa hivi: mfereji wa upana wa futi mbili na kina cha futi mbili, na udongo wote hurushwa upande wa juu. Acha nafasi ya kiganja kati ya mfereji na ukingo, usije udongo ukarudi shimoni. Mteremko ukiwa mkali, matuta yawe karibu karibu. Ukiwa mdogo, yaachane. Juu ya ukingo panda nyasi za makarikari au nepia, zishike udongo na kulisha ng'ombe. Ndani ya mfereji, mahali maji yanapokaa, wengi wamepanda ndizi, mipapai na miembe, na miembe ya kubebesha ndiyo inayoleta fedha Makueni sasa.

Kwa upande wa bwawa, jambo linalosaidia kuliko yote ni kuwatoa ng'ombe ndani ya maji. Weka bomba chini ya ukuta wakati wa kujenga, lilete maji kwenye birika nje, na bwawa lizungushiwe ua wa miba. Mahali mkondo unapoingia, jenga vizuizi vidogo vya mawe viwili au vitatu, ili udongo utue hapo kabla ya kufika majini. Kila mwaka, wakati wa ukame, utoe udongo huo uurudishe shambani. Ni wako.

Kupima tuta liwe sawa si lazima umngoje afisa. Chukua vijiti viwili vya urefu mmoja, kamba ya meta 10 isiyovutika, na pimamaji ndogo ile ya kuning'iniza ambayo mafundi hutumia. Funga kamba juu ya vijiti, kwa urefu ule ule kila upande, na pimamaji iwe katikati kabisa. Mtu mmoja anasimama na kijiti, wa pili anapanda au anateremka mpaka wa tatu, anayesoma pimamaji, aone povu limekaa katikati. Hapo wanapigilia kigingi, kisha wanasogea. Kazi ya kusoma mpe mtoto mwenye macho mazuri, na daftari lake la shule alichukue, aandike kila tuta lilianza wapi, limeishia wapi, na nani alilichimba kwanza.